Mtoto Anakoroma Kifua: Kiingereza cha Sauti na Ukubwa Wodini

(Hotuba niliyoitoa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi na utabibu. Naiweka yote kwa ajili ya waliokuwa zamu siku ile.)

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, dada na kaka zetu wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaunganisha moja kwa moja mpaka ukumbini, na ninyi vijana wangu wa mwaka wa kwanza: habari za asubuhi!

Nimeombwa nizungumzie Kiingereza. Najua wapo ambao wakisikia hivyo moyo unaenda mbio, wanakumbuka mitihani ya sekondari na kalamu nyekundu. Tulieni. Sarufi leo siigusi. Nimekuja na maneno machache tu: yale yanayoeleza sauti, na yale yanayoeleza ukubwa.

Kwa nini hayo? Kwa sababu wiki chache zijazo mtaingia wodini. Mgonjwa atawaeleza shida yake kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, au kwa Kigogo na ndugu yake atafasiri. Ninyi mtaandika kwenye faili kwa Kiingereza. Na atakayelisoma faili hilo saa nane usiku hatakuwa amesikia mlichosikia, wala hatakuwa amegusa mlichogusa. Atakuwa na maneno yenu tu. Je, yatamtosha?

Tuanze na sauti.

Mama anaingia na mtoto wa miezi kumi. Anakaa, anamfungua mgongoni, anasema: "Nesi, mtoto anakoroma kifua." Nijibuni, msiogope. Mtaandika nini?

Nimesikia "snoring". Nimesikia "chest problem". Ahsanteni. Sasa tumsikilize mama vizuri. Ana haki ya kusema "anakoroma", maana ndilo neno lililopo midomoni mwa watu. Lakini ndani ya neno hilo moja zimejificha sauti nne, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni ya puani. Pua imeziba kamasi na hewa inapita kwa shida. Safisha pua, sauti inaondoka. Mtoto ananyonya, anacheka, anarudi nyumbani.

Ya pili Kiingereza kinaiita "wheeze". Ni mluzi mwembamba, wa kuvutika, na husikika zaidi mtoto anapotoa pumzi nje. Chanzo chake ni mirija midogo ya hewa ndani ya mapafu iliyobana. Ndiyo sauti ya pumu, japo si ya pumu peke yake.

Ya tatu ni "stridor". Hii ni kali, ya kukwaruza, na husikika mtoto anapovuta pumzi ndani. Inatoka juu, kooni, pale njia kuu ya hewa ilipobanwa na uvimbe au na kitu kilichompalia. Mtoto mwenye sauti hii akiwa ametulia, halii, hajashtuliwa na mtu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamweka kwenye kundi la hatari: rufaa ya haraka. Hasubiri kesho. Hasubiri gari la kwenda mnadani.

Ya nne ni "grunting", mguno mfupi mwishoni mwa kila pumzi inayotoka. Mtausikia kwa watoto wachanga, hasa njiti. Mtoto anabana koo ili hewa isimwishie mapafuni, vifuko vya hewa visisinyae. Mtoto huyo anapigania uhai wake, na asiyejua anapita kitandani akisema, "Huyu anadeka tu."

Mama alisema neno moja, na kosa si la mama. Kazi ya kutenganisha ni yenu, na swali la kutenganishia ni jepesi, la Kiswahili kabisa: "Mama, sauti inatoka akivuta pumzi ndani, au akiitoa nje?" Asipojua, usimgombeze. Mfunue mtoto nguo, angalia kifua kinavyopanda na kushuka, tega sikio. Akivuta? Akitoa? Semeni nami: akivuta? Akitoa? Ahsanteni. Mkilishika hilo peke yake, safari yenu ya asubuhi hii imelipa.

Sasa nawapeni kisa.

Mwaka 1816, jijini Paris, katika hospitali ya Necker, alikuwepo daktari aitwaye René Laennec. Enzi zile daktari akitaka kusikiliza kifua aliweka sikio lake palepale juu ya mwili wa mgonjwa. Siku moja akaletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Binti alikuwa mnene, kugonga kwa vidole hakukuonyesha kitu, na kumlazia sikio kifuani binti wa watu ilikuwa haifai. Laennec akachukua karatasi, akaziviringisha zikawa bomba, upande mmoja akauweka kifuani, wa pili sikioni. Akausikia moyo waziwazi kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu.

Hiyo ndiyo stethoskopu ya kwanza, na sehemu hiyo mnaifahamu. Inayonigusa mimi ni sehemu iliyofuata. Mtu huyu alikuwa na chombo kipya kinachomletea sauti mpya, na sauti zile hazikuwa na majina! Unasikia kitu ambacho binadamu mwenzako hajawahi kukisikia, na inakubidi ukieleze kwa watu ambao hawana chombo chako. Ungefanyaje? Laennec alirudi kwenye mambo ambayo kila mtu ameyasikia. Sauti moja akaifananisha na chumvi inayoalika kwenye chombo cha moto. Nyingine akaifananisha na mlio wa hua. Mwaka 1819 akatoa kitabu chake, na maneno yale yakasambaa Ulaya nzima. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1826 kwa kifua kikuu, ugonjwa alioutumikia kwa masikio yake.

Kuna jambo jingine alilolifanya, nalo liwaingie sana ninyi mtakaozungumza mbele ya wagonjwa. Sauti zisizo za kawaida za mapafu aliziita kwa neno la Kifaransa, "râle". Kwa watu wa kawaida neno hilo lilikuwa sauti ya koo la mtu anayekata roho. Mgonjwa akilisikia kitandani kwake anaona basi, amekwisha. Kwa hiyo Laennec mbele ya mgonjwa akatumia neno la kigeni, "rhonchus", ili asimtishe. Kwake yalikuwa kitu kimoja. Lakini yalipoingia kwenye Kiingereza yakagawana maana: "rale" ikaenda kwenye sauti za kualika, "rhonchus" ikaenda kwenye sauti nzito za kukoroma. Kila hospitali ikayatumia ilivyoona. Zaidi ya miaka mia moja daktari mmoja anaandika hivi, mwenzake anaelewa vile! Mwaka 1985 wataalamu wa sauti za mapafu walikutana Tokyo wakapatana majina. Ndiyo maana vitabu vya zamani vina "rales" na mwalimu wenu anasema "crackles". Msihangaike, ni sauti ileile.

Hizo "crackles" ndizo ninazotaka mjifunze leo jioni, tena bila daftari. Shika nywele zako chache karibu kabisa na sikio, zisugue taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwenye kipara amwombe mwenzake. Unasikia? Ule ualikaji mdogo, mkavu, wa harakaharaka, ndio "fine crackles". Ukiusikia kwenye mapafu, mara nyingi mwisho wa kuvuta pumzi, vifuko vidogo vya hewa vilivyokuwa vimefumba vinafunguka kwa ghafla. Kisha injika sufuria ya maji, isikilize inapoanza kutokota, yale mapovu makubwa yanayopasuka moja moja. Hiyo iko karibu na "coarse crackles", sauti nzito zaidi, ya hewa inayopita kwenye mirija yenye makohozi. Mwambie mgonjwa akohoe, sikiliza tena: pengine imebadilika, pengine imehama. Na hilo nalo liandike.

Nawaona wanafunzi wenye orodha ndefu za maneno, wamezikariri kama dua. Ukimuuliza "wheeze" ni nini, atakupa tafsiri bila kupepesa. Mwekee mgonjwa wa pumu mbele yake, hajui anachosikia. Neno la sauti huingia kwa sikio kwanza, ndipo liende kwenye kalamu. Mkigeuza utaratibu huo mtapata alama za mtihani na mgonjwa atabaki na shida yake.

Kabla sijaacha sauti, tuzungumzie ukimya.

Mgonjwa wa pumu ameletwa usiku. Saa tatu mluzi unasikika mpaka mlangoni. Saa nne unasikika kwa stethoskopu. Saa tano husikii kitu. Unaandika nini? Nani ataandika "improved"? Nyoosheni mikono, msione haya. Wengi. Sasa mwangalieni mgonjwa huyu usoni. Anashindwa kumaliza sentensi, ameanza kusinzia, midomo imebadilika rangi. Mluzi umekwisha kwa sababu hewa yenyewe haipiti tena! Kiingereza kina jina lake: "silent chest". Kifua kimenyamaza, na kimya hicho ni cha kukimbilia mtu sasa hivi. Mgonjwa aliyepona naye kifua hakina mluzi, lakini utasikia pumzi yake ikiingia na kutoka vizuri, pande zote mbili, na atakwambia mwenyewe, "Nesi, nimepata nafuu." Kwa hiyo usiishie kuandika kwamba mluzi haupo. Andika kama pumzi inasikika: ipo, imepungua, au haipo, na upande gani. "Reduced" na "absent" ni maneno ya sauti sawasawa na "wheeze".

Hata shinikizo la damu mnalipima kwa kusubiri sauti ije na iondoke. Mrusi Nikolai Korotkov alilieleza hilo mwaka 1905: achia hewa ya kitambaa taratibu, pigo la kwanza unalolisikia ndilo namba ya juu, pale sauti inapotoweka ndio namba ya chini. Mtafundishwa kwa kirefu, siwaibii walimu wenu somo.

Tugeukie ukubwa.

Nilipokuwa wodi ya watoto tuliletewa mtoto na barua ya rufaa kutoka zahanati moja, sitaitaja. Mwandiko safi, sarufi haina doa. Barua ilisema mtoto ana "big swelling" shingoni na kwamba uvimbe "is increasing". Mama alikuwa amekaa kwenye basi tangu alfajiri. Tukamuuliza, uvimbe ulikuwaje wiki iliyopita? Akaonyesha ncha ya kidole chake. Dada yake akasema hapana, ulikuwa kama ndimu. Mkubwa kiasi gani? Umeongezeka kutoka wapi kwenda wapi? Aliyeandika barua ile alimwona mtoto mara mbili kwa macho yake, na yote aliyoyaona yakapotea ndani ya neno "big". Tukaanza upya, siku ya kwanza ikawa ni ile aliyofika kwetu.

Mnajua "big" ni neno la namna gani? Ni neno la hisia. Uvimbe wa sentimita tatu ni "big" kwenye shingo ya mtoto na si kitu tumboni mwa mtu mzima. "Big" ya tabibu aliyezoea tezi za shingo si "big" ya mwanafunzi aliyeiona ya kwanza leo.

Kwenye vitabu mtakuta wamejaribu kuponya tatizo hili kwa matunda na mbegu. Uvimbe kama njegere, kama yai, kama chungwa. Mfuko wa uzazi wa wiki 12 kama balungi. Tezi dume ya kawaida utaambiwa ni kama "walnut". Nani hapa amewahi kuishika "walnut"? Mmoja, na ni mwalimu aliyesoma Ulaya. Kokwa hilo halimo sokoni kwetu, na mwanafunzi wetu analikariri mpaka kwenye mtihani bila kujua linajaa mkononi kiasi gani. Hata tukibadili tukaweka vya kwetu, yai la kuku wa kienyeji na la kuku wa kisasa yako sawa? Embe dodo na embe sindano? Tunda litumie kuelewana na mgonjwa, ndivyo mgonjwa anavyofikiri na ni haki yake. Kwenye faili weka rula. Sentimita nne kwa tatu, chini ya taya, upande wa kushoto. Basi. Wa kesho atapima tena, atapata nne na nusu kwa tatu, na "increasing" itakuwa imethibitika bila mabishano ya ndugu.

Futi kamba ya mshonaji inatosha kabisa. Mkunga anapima kutoka mfupa wa kinena mpaka kilele cha mfuko wa uzazi, na kuanzia takriban wiki ya 24 sentimita zile zinakaribiana na wiki za mimba. Kamba isiyozidi bei ya soda inasema kama mtoto tumboni anakua.

Na sasa naomba usikivu wenu wote, kwa sababu hapa neno la ukubwa linaamua nani anapewa chakula cha tiba leo.

Mtoto ni mdogo. "The child is small." Mdogo kwa namna gani? Mwaka 1956 daktari Federico Gómez wa Mexico aliwapanga watoto wenye utapiamlo kwa kipimo kimoja: uzito ukilinganishwa na umri. Lilikuwa jambo kubwa kwa wakati wake. Lakini tazameni tatizo. Watoto wawili wa miaka mitatu wana uzito uleule mdogo. Mmoja ni mfupi, mwili wake umejaa kulingana na urefu wake. Wa pili ni mrefu kama wenzake, ila mbavu zinahesabika. Mizani inawaita jina moja! Miaka ya 1970 John Waterlow, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Jamaica na watoto wa namna hii, akasisitiza watenganishwe. Mfupi kwa umri wake ni "stunted": huyo ana udumavu, historia ya muda mrefu ya lishe duni na magonjwa. Mwembamba kwa urefu wake ni "wasted": huyo ana ukondefu, anaisha sasa hivi, wiki hii. Mwenye uzito mdogo kwa umri ni "underweight", uzito pungufu, na anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili au wote kwa pamoja.

Kwa hiyo ukiandika "small" umeandika nini? Hujaandika kitu. Ukiandika "wasted", aliyeko zamu anajua aanze na nini.

Na msiseme hatuna vifaa. Vita vya Biafra vilipokuwa vikiendelea Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1960, kulikuwa na watoto wengi, mizani haba na muda mfupi. Wafanyakazi wa huduma ya Waquaker, kundi la dini la Kikristo, walitumia fimbo ya kupimia urefu yenye alama za mzunguko wa mkono: pima mkono wa juu, msimamishe mtoto kwenye fimbo, uamuzi unapatikana palepale. Leo mna mkanda wa rangi mfukoni. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano. Andika namba, usiandike rangi peke yake, maana 11.4 na 9.8 zote ni nyekundu, na watoto hao wawili hawalingani.

Kuna ukubwa unaodanganya, nao ni wa maji. Mtoto ana mashavu, miguu imejaa, bibi yake anafurahi kwamba kanenepa. Cicely Williams aliwaona watoto hao Gold Coast, Ghana ya leo, na mwaka 1935 akauandika ugonjwa huo kwa jina walilolitumia watu wa pale kwa lugha yao ya Kiga: kwashiakoo. Hakuwabunia akina mama jina la Kilatini. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu sekunde tatu, achia. Shimo likibaki, ule si unene. Uvimbe huo kwenye miguu pekee unaandikwa kwa alama moja ya jumlisha. Ukifika muundi na mikono ni mbili. Mwili mzima mpaka uso ni tatu. Tena mtoto huyo mizani na mkanda vinaweza kumpitisha kwa sababu ya maji, kwa hiyo kidole gumba chenu kisisahaulike kamwe.

Jambo la mwisho, na hili najua baadhi ya walimu wenzangu hatukubaliani, lakini nitalisema. Msione aibu kuandika Kiswahili kwenye faili. Ulichokisikia na kukipima wewe, kiandike kwa Kiingereza, kwa neno lake sahihi. Alichokisema mgonjwa, kiandike kama alivyokisema, ndani ya alama za nukuu: "anakoroma kifua tangu juzi". Ukikifasiri haraka kuwa "snoring", umeshamwamulia. Ukikiacha kama kilivyo, daktari wa kesho anaweza kumrudia mama na kumuuliza lile swali letu. Lipi? Akivuta? Akitoa? Sawasawa.

Jumatatu chumba cha mazoezi kitafunguliwa saa moja na nusu. Njooni watatu watatu, na stethoskopu moja na rula moja kwa kila kundi. Wa kwanza atasikiliza na kupima, ataandika mstari mmoja. Wa pili hataruhusiwa kumwona mgonjwa, atausoma mstari huo na kutuambia ni sauti gani, upande gani, ndani au nje, na uvimbe ni sentimita ngapi kwa ngapi. Wa tatu atakwenda kuhakiki kitandani. Akikuta tofauti, mstari unaandikwa upya na mnabadilishana nafasi. Waliotoka zamu ya usiku, nendeni mkalale. Ahsanteni sana.